Nani Alishika Usukani?

"Ajali haishiki usukani." Mnaisikia ikitupwa huko vijiweni, mnacheka, kisha mnaniuliza imetoka wapi. Haikutoka kwenye kicheko, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na muuza maziwa huko Nzega, jina lake Shigela. Kila asubuhi alifunga madumu yake kwenye keria ya baiskeli, akashika ukingo wa barabara kwenda mjini. Asubuhi moja Kitwana, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja mbio na gari lake, akatoka kwenye lami, akamgonga kwa nyuma. Maziwa yakamwagika pamoja na damu. Shigela hakufika hospitali.

Mkewe, Milembe, aliletewa habari kwa maneno haya: "Gari limemgonga mumeo." Polisi wakasema gari liliacha njia. Redioni wakatangaza kwamba gari na baiskeli viligongana, utadhani vyuma viwili vilikuwa na ugomvi wao. Milembe aliyasikiliza hayo akiwa kwenye mkeka wa msiba, na kila lilipotajwa gari, hasira ilimpanda. Mbona mtu mwenyewe hatajwi?

Kabla ya kuanua matanga, Kitwana akaja na ndugu zake. Walileta mchele na ng'ombe dume, wakamfunga nje. Walitaka mambo yaishe nyumbani, yasifike mahakamani. Mzee Ng'wandu, baba mdogo wa marehemu, akamwita Milembe.

"Mwanangu, ajali haina kinga. Hawa wamejishusha. Sema umesamehe, yaishe."

"Nimekusikia, baba. Naomba nimuulize mgeni neno moja." Akamgeukia Kitwana. "Kaka, ilikuwaje?"

"Gari lilinishinda, shemeji. Lilivuta kushoto."

"Usukani ulishikwa na nani?"

"Na mimi, lakini kwa mkono mmoja. Nilikuwa napokea simu. Ndiyo ajali yenyewe hiyo."

"Na hiyo ajali ilikaa kiti gani?"

Milembe akasimama, akamnyooshea kidole.

"Ajali haishiki usukani, kaka. Uliyeushika ni wewe. Mfungue ng'ombe wako urudi naye."

Ng'wandu alifedheheka, akamwambia ameaibisha ukoo. Majirani nao wakasema ana roho mbaya. Hapo ndipo ninapokasirika hata leo. Mtu kaua, halafu mwenye roho mbaya ni mjane!

Kitwana akashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari. Mahakamani akayakana yote. Hakuwa na simu, eti baiskeli ndiyo iliyomkatia njia ghafla. Waliomsikia msibani wakaogopa kutoa ushahidi. Milembe alibaki na neno lake peke yake, na neno la mjane dhidi ya tajiri mnalijua uzito wake. Akabaki shahidi mmoja tu, Mzee Ng'wandu.

Mwendesha mashtaka akamtaka aeleze Shigela alivyokufa.

"Gari..." mzee akaanza. Akamtazama Milembe, akavua kofia. "Hapana, si gari. Kitwana ndiye aliyemuua. Alikiri mbele yangu kwamba mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani na mwingine kwenye simu. Nami nilikuwa tayari kumla ng'ombe wake."

Kitwana akafungwa. Walipotoka nje, jirani mmoja akamshika mzee mkono, akampa pole kwa ile ajali.

Ng'wandu akauachia mkono wake taratibu. "Bwana," akasema, "ajali haishiki usukani."