Usingizi wa Mchana wa Bwana Kifaru

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa chumba?
— Chumba kimoja!
— Na kitanda?
— Kimoja!
— Na wa kulala?
— Watatu!
— Haya, sogeeni. Na wewe uliyefumba jicho moja, fumbua, maana mimi sirudii.

Alikuwapo Bi Pimbi na mwanawe Machano. Machano ndiyo kwanza ameanza kutembea. Jina lake halijui, lakini "sitaki" analijua vizuri sana. Walikuwa wanakwenda ng'ambo ya mto kwa bibi yake Machano, bibi amwone mjukuu. Wakiwa njiani mvua ikanyesha, mto ukajaa, daraja likazama. Basi wakabisha hodi kwenye nyumba ya wageni ya Bi Korongo.

Bi Korongo alikuwa na miguu mirefu, funguo shingoni na maneno machache.

"Vyumba vimejaa," alisema. "Kimebaki kimoja, na ndani yumo Bwana Kifaru. Utalala naye, au utalala nje na yule?"

Yule alikuwa Chui. Alijilaza chini ya baraza, anawatazama waliokosa vyumba. Alipomwona Machano akajilamba, mlap, mlap.

"Nitalala na Bwana Kifaru," alisema Bi Pimbi haraka.

"Basi sikiliza sheria yangu. Taa ikizimwa, sitaki kilio. Kilio cha kwanza cha chumba nasamehe. Kilio cha pili naonya. Kilio cha tatu, aliyelia anatoka na mizigo yake usiku huohuo, awe mkubwa, awe mdogo."

Bi Pimbi aliingiwa na baridi. Mtoto akitolewa, mama atabaki ndani kufanya nini? Watatoka wote wawili, na Chui atakula mara mbili.

Chumbani mlikuwa na kitanda na mkeka. Nani alichukua kitanda? Mnajua wenyewe. Bwana Kifaru alichukua kitanda, akachukua godoro, akachukua chandarua, kisha akauliza ule mkeka ni wa nani.

"Shikamoo, Bwana Kifaru," alisema Bi Pimbi. "Mkeka ni wetu."

"Mh! Mna bahati nyie," alisema Kifaru, kwa wivu.

Ndivyo alivyokuwa. Tumbo lake kubwa, na roho yake haishibi. Mtoto akipewa uji, "Na mimi?" Mtoto akipewa ndizi, "Na mimi?" Akaula uji wa Machano, akaila ndizi ya Machano, akalinyonya na ganda lake.

Mchana wa kwanza Bi Pimbi akambembeleza mwanawe mpaka macho yakafumba. Mara Kifaru akaingia, gu! gu! gu! Akakaa kitandani, kwiii! Akatafuna muhogo mbichi, kwacha, kwacha. Machano akafumbua macho, na usingizi wa mchana ukawa umekwenda. Mtoto aliyekatizwa usingizi mnamjua. Jioni nzima alilia kwa sababu kivuli chake kinamfuata.

Usiku taa ikazimwa. Kifaru akaanza kukoroma, khorrr-fyuuu, khorrr-fyuuu, chandarua kinapanda na kushuka. Machano akashtuka. "Ngaaa!"

Bi Korongo huyo mlangoni. "Nani analia?"

"Mtoto huyo," alisema Kifaru. "Hata sisi watu wazima hatulali."

"Cha kwanza, nimesamehe."

Usiku wa pili, khorrr-fyuuu. "Ngaaa!" Bi Korongo huyo mlangoni.

"Cha pili, nimeonya."

Bi Pimbi hakulala tena. Alimkumbatia mwanawe, akasikia chini ya baraza, mlap, mlap. Alilia, lakini kwa ndani, maana na yeye sheria ilimhusu. Kisha akafuta pua akaanza kufikiri. Kupigana na Kifaru hawezi. Kumwomba amemwomba. Akawaza, "Huyu akiona mtoto anapewa kitu, roho inamtoka. Haya, ngoja nimpe mtoto kitu."

Siku ya tatu, jua likiwa kichwani, Bi Pimbi akasema kwa sauti kubwa, "Njoo, mwanangu! Leo nimekuwekea usingizi wa mchana, mtamu kushinda yote. Wako peke yako!"

Kifaru akasimamisha masikio. "Wake peke yake? Na mimi?"

"Aa, baba, huu ni wa mtoto. Una kuogeshwa, una uji, una mafuta, una wimbo. Wewe mtu mzima, wa nini?"

"Nipe!"

"Lakini, Bwana Kifaru..."

"Nimesema nipe!"

"Basi chukua," alisema Bi Pimbi, akahema kama aliyenyang'anywa.

Akamwogesha Kifaru ndoo saba za maji ya moto. Akamlisha uji sufuria zima. Akampaka mafuta ya nazi kopo zima, mpaka kwenye pembe. Akamfunika kanga yake, ikafunika sikio moja. Akampigapiga mgongoni kwa mkono, Kifaru hakusikia kitu. Akachukua mwiko, pa, pa, pa. Akaimba:

*Lala we, lala,*
*mvua ni ya nje,*
*lala we, lala,*
*tumbo li ndani.*

Ubeti wa tatu haukufika. Khorrr-fyuuu!

Bi Pimbi akamshika Machano mkono, wakatoka. Na hapo, jamani, ndipo penye kazi. Mtoto ana usingizi, na mama anamkataza kulala! Wakapanda ngazi, wakashuka ngazi. Wakahesabu panzi ukutani, mmoja, wawili, mmoja tena. Machano akipiga mwayo, mama anamtekenya. Akiinamisha kichwa, mama anamwambia, "Tazama, konokono!" Mtoto akamwangalia mama yake kwa macho mekundu, na Bi Pimbi moyo ukamuuma kwelikweli. "Nisamehe, mwanangu," akasema. "Bado kidogo tu."

Jua likazama. Kifaru bado anakoroma. Bi Pimbi akampa mwanawe kijiko cha kwanza cha wali. Cha pili hakikumezwa. Machano akaanguka mkekani, pu! Wali mdomoni, mguu mmoja juu.

Bi Korongo akapita, akazima taa. Nyumba ikatulia.

Na Kifaru akaamka.

Macho, kodo! Akageukia kulia, kitanda kwiii. Akageukia kushoto, kitanda kwaaa. Akafumba macho, yakafumbuka yenyewe.

"Bi Pimbi!"

"Ssss. Nini, baba?"

"Usingizi wangu uko wapi?"

"Umeshaulala mchana."

"Wote?"

"Wote. Hukubakisha hata wa kuonja."

Kifaru akapapasa godoro lote. "Basi nipe wa mtoto."

"Wa mtoto huo, yumo ndani yake. Msikie anavyohema."

Kifaru akasikiliza. Machano alikuwa anahema taratibu, fuu, fuu, amelala usingizi mzito. Ee, hapo ndipo wivu ulipomkaba! Mtoto anao, na yeye hana!

"Niimbie!"

"Taa imezimwa, Bwana Kifaru."

"Nipigepige!"

"Mwiko nimerudisha jikoni."

Mdomo wa Kifaru ukatetemeka. Kidevu kikatetemeka. Kisha akapiga miguu yote minne kitandani, akafungua kinywa:

"Uwaaaaa! Nataka wanguuu! Uwaaaaa!"

Kuta zikatikisika. Ndoo zikaanguka. Machano akakuna pua, akaendelea kulala.

Bi Korongo huyo mlangoni, na taa mkononi. Akamtazama mtoto. Akamtazama mama. Akamtazama Kifaru, machozi yanamchuruzika mpaka kwenye pembe.

"Cha tatu," alisema. "Chukua mizigo yako."

Akatoka Kifaru, gu, gu, gu, anajifuta machozi. Chui chini ya baraza alisikia mlango, akajilamba, akaruka kwa furaha bila kutazama. Alichokirukia hakikuwa pimbi. Chui alikimbia usiku kucha, na mpaka leo hakai chini ya baraza ya mtu.

Naye Bi Pimbi akambeba mwanawe, wakapanda kitandani. Wakalala katikati, godoro likabaki pande zote.

Sasa watoto, hadithi hii inatufundisha nini? Inatufundisha ukarimu. Ukilala chumba kimoja na mtu, usimnyime. Akitaka kitanda, mpe. Akitaka uji, mpe. Akitaka na usingizi, mwimbie mpaka aumalize wote.

Hadithi yangu nimeilaza hapo. Atakayeiamsha, ataibembeleza mwenyewe.