Zamu ya Masika ya Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga na kuezeka kama sisi, Tembo alikuwa na bonde lake la michezo. Ndani ya bonde hilo mlikuwa na mwamba mrefu, laini, maji yakiteremka juu yake. Unakaa kileleni, unajiachia, sururuuu, halafu chubwi, umo dimbwini. Mlikuwa na bembea za mizizi pia, nene, zilizoweza kumbeba hata Kiboko na tumbo lake.

Bonde lilikuwa na lango moja, na Tembo mwenyewe ndiye aliyesimama hapo. Mwenye kutaka kuingia alitoa kikapu cha mtama, akacheza mpaka achoke. Lakini akishatoka, ametoka. Akitaka kurudi, alete kikapu kingine.

Fisi akauona mwanya. Akaomba ruhusa kwa Tembo, akajenga nyumba ya udongo ndani ya lango, akaiezeka kwa nyasi, kisha akawaita wanyama.

"Jamani, nani atatoa kikapu kizima kwa kuteleza asubuhi moja?" aliuliza. "Nunueni zamu kwangu. Kila mwaka msimu wako ukifika, nyumba ni yako. Unalala humu humu ndani ya lango, unateleza mpaka manyoya yanyonyoke, na kikapu ni kile kile kimoja."

Wanyama wakaona ni maneno ya akili. Simba akanunua zamu ya mavuno. Nyati akanunua zamu ya kiangazi. Kila aliyenunua alikanyaga udongo mbichi wa ukutani, na unyayo wake ukakauka pale. Huo ndio uliokuwa ushahidi wao.

Zamu za masika zikakosa wenyewe. Fisi akazipeleka kwa wanyonge: Mzee Kobe, Bi Kanga, na mama yake Pimbi. Wakakanyaga ukuta kwa furaha, kwani nani kati yao aliwahi kuwa na nyumba penye michezo?

Kulikuwa na jambo moja ambalo Fisi hakulisema mpaka udongo ulipokauka.

"Paa huharibiwa na mvua," alisema, akijilamba midomo. "Kwa hiyo mwenye zamu ya masika ndiye anayeezeka. Unyayo wako ukiwa ukutani, nyasi ni juu yako, uje usije. Na unyayo haufutiki ila mwingine akanyage juu yake."

Miaka ikapita. Mama yake Pimbi akafa, na Pimbi akaurithi unyayo ule.

Pimbi alikuwa mama mdogo, mwenye haya, mwenye sauti ya chini hata watu wakamwinamia kumsikia. Alikaa pangoni na watoto wake. Masika yalipofika, ghala lilikuwa tupu kama maghala ya wote, na kikapu cha kumpa Tembo hakipo. Hakuwahi kuteleza hata mara moja. Lakini matita ya nyasi aliyabeba, mtoto mgongoni, miguu yake mifupi ikizama topeni.

Mwaka mmoja alikuwa amejifungua, hakuweza kukata nyasi. Fisi akaja mpaka pangoni, akainama, akabeba jiwe la kusagia. Lilikuwa jiwe la mama yake Pimbi, lililobonyea katikati kwa kusaga.

"Shemeji, hili nalishika tu," alisema Fisi. "Masika yajayo nisipoona nyasi, nitalishika pango."

Tangu siku hiyo watoto wa Pimbi walikula mtama mzima mzima.

"Mama, unanikwaruza koo," alisema binti yake mkubwa, Njugu.

"Tafuna taratibu, mwanangu."

"Nimetafuna. Bado unanikwaruza."

Pimbi akaenda kumtafuta wa kumpa zamu yake, amkanyagie unyayo wake, basi. Akaanza kwa Nyani.

"Zamu ya masika?" Nyani alicheka mpaka akashika tawi asianguke. "Mama Njugu, hata ukiniongezea asali juu, sitaki. Nikalale kwenye matope, niangalie lango ambalo sina kikapu cha kulifungulia?"

Akaenda kwa Punda Milia. Punda Milia hakucheka, ila alijifanya hasikii, akaendelea kula majani.

Pimbi akarudi, akaketi mlangoni mwa pango akichambua mtama. Mbele yake palikuwa na uwanja wa jirani yake, Ngiri, ambaye alikuwa amejichimbia kisima. Ngiri akatoka na kata moja, akachota, akanywa, akarudi ndani.

"Mama," aliuliza Njugu, "mbona akina Bi Kanga wakienda mtoni hubeba mitungi yote na kulala huko huko, lakini Mjomba Ngiri huchota kata moja tu?"

"Kisima ni chake, mwanangu. Ajitwike mtungi wa nini? Akisikia kiu atatoka tena."

Pimbi akasimamisha mkono juu ya ungo. Akamtazama Ngiri. Akautazama mlima, kule lilikokuwa bonde la Tembo. Kisha akaanza kutabasamu peke yake, na Njugu akadhani mama yake ameona mdudu mzuri kwenye mtama.

Kesho yake, huku mtama wa mavuno ukianza kupiga rangi mashambani, Pimbi alisimama mbele ya miguu ya Tembo.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

Tembo akatazama kulia, akatazama kushoto. "Nani anayesema?"

"Ni mimi, huku chini. Mama Njugu."

"Marahaba, binti yangu. Paza sauti, masikio yangu ni makubwa lakini yako mbali."

Pimbi akapaza sauti kidogo. "Babu, mwamba wako unapendeza lini kuliko siku zote?"

"Masika," alisema Tembo bila kufikiri. "Maji hujaa, unateleza kama samaki."

"Na masika huja nani?"

Tembo akalitazama lango lake. Masika alikuwa akisimama langoni peke yake na mvua ikimpiga.

"Hawaji kwa sababu maghala ni matupu," alisema Pimbi. "Wakati wa njaa hata punje moja inauma kuitoa. Lakini wakati wa mavuno mnyama hutoa huku akiimba. Kwa nini usichukue wakati huo? Kila mmoja alete vikapu kadhaa kwa mpigo. Wewe umfunge kikuku cha ukindu mguuni, ukitie rangi nyekundu. Mwenye kikuku aingie na kutoka apendavyo mpaka mavuno mengine, bila kuulizwa kitu."

"Aingie na kutoka?"

"Aingie na kutoka, babu."

Tembo alipunga masikio, fwa, fwa, fwa. Akaona ghala lake likijaa kabla ya mvua. Akaona pia kwamba hatasimama tena peke yake. "Binti yangu," alisema, "cha kwanza nitakufunga wewe na watoto wako, wala hutatoa punje."

Mavuno yalipofika, wanyama wakapanga foleni ya vikuku. Nyani alivaa chake mkononi ili aonekane nacho akila. Punda Milia alilalamika kwamba chake hakionekani vizuri kwenye milia, akaomba cha pili, akanyimwa. Hata Ngiri alivaa.

Sasa sikilizeni, wanangu, kitu kinavyomgeuza mtu. Kabla ya kikuku, hakuna aliyekuwa na habari na masika. Baada ya kikuku, kila mmoja alikitazama mguuni na kusema, "Nimeshatoa mtama wangu. Nisipokwenda, nimeliwa." Wakaanza kuhesabiana raha ambayo hawajaiona: maji yatakavyojaa, watakavyoteleza usiku na mchana. Na watalala wapi?

Kiangazi kilipokaribia kwisha, Nyani akaja mbio mpaka pangoni, puu, akatua mlangoni.

"Mama Njugu, ile zamu yako ya masika. Siku ile nilikuwa natania tu."

"Nilijua unatania," alisema Pimbi kwa upole. "Ngoja kwanza nifikiri."

Nyuma yake akafika Punda Milia, ambaye sasa masikio yake yalikuwa yanasikia vizuri. Naye akaambiwa angoje. Pimbi akawapitia Mzee Kobe na Bi Kanga.

"Wakija, msikubali," aliwanong'oneza. "Semeni mnafikiri."

"Lakini Nyani amekuja na ndizi," alisema Bi Kanga. "Dada, kwa nini tusimkanyagishe yeye, tukapumzika?"

"Nyani alinicheka tu. Mtu kunicheka si kosa la kumwezekesha nyumba miaka yote. Mngojee mwenye nyumba yake."

Mzee Kobe akautoa uso nje ya gamba, akamtazama Pimbi kwa muda mrefu. "Kumbe," alisema, akaurudisha uso ndani. Mle ndani wakasikia anacheka.

Hawakungoja sana. Fisi aliona wanyama wakipanda na kushuka njia ya pangoni, akauliza, akaambiwa. Zile zamu alizowasukumia wanyonge, leo zinatafutwa na kila mtu, naye hana hata moja. Akaja usoni mwa Pimbi na meno yote nje.

"Shemeji, hamjambo humu? Watoto wazima? Nimekuwa nikiwaza, wewe mama mdogo, mzigo wa nyasi utakuumiza. Nipe zamu yako, mimi nitakusitiri."

"Ahsante, shemeji. Ila Nyani naye anataka kunisitiri."

"Nyani mgeni huyo. Mimi ni nduguyo."

"Ndugu yangu alichukua jiwe la kusagia la mama yangu."

Fisi akakohoa. "Lile? Nililihifadhi tu lisiibiwe. Litarudi leo leo."

Pimbi akainamisha kichwa, akachora ardhini kwa kidole. Haya zilikuwa zimemjaa, na Fisi akadhani ni ujinga.

"Tena kuna Mzee Kobe na Bi Kanga," alisema Pimbi. "Tulipewa pamoja, tutatoka pamoja. Na wao wana watoto. Mtama kidogo kwa kila nyumba ungewasaidia masika haya."

Mbinguni wingu jeusi likanguruma, gurugurugu. Fisi akalitazama. Mvua ikianza kabla hajakanyaga, Nyani angeweza kumtangulia.

"Nitatoa," alisema haraka. "Yote nitatoa. Twendeni ukutani."

Wakaenda mbele ya Tembo na wanyama wengine. Udongo mbichi ukapakwa. Fisi akakanyaga juu ya unyayo wa Kobe, pwa. Akakanyaga juu ya unyayo wa Kanga, pwa. Akafika kwenye unyayo mdogo kabisa, ule wa mama yake Pimbi. Pimbi akaugusa kwanza, kidogo, kama mtu anayeaga. Kisha akasogea pembeni.

Pwa.

Jioni ile pangoni mlisikika sauti ambayo watoto walikuwa wameisahau: kwaru, kwaru, kwaru, jiwe likisaga. Njugu alikula uji laini, akalala na kijiko mdomoni.

Mvua ikafika, nayo ilikuwa mvua kweli. Mwamba ukajaa maji. Asubuhi wanyama wakamiminika langoni na vikuku vyao, sururuuu, chubwi, sururuuu, chubwi, kicheko bonde zima. Fisi akatandika mikeka, akasimama mlangoni mwa nyumba yake.

"Karibuni zamu, jamani. Zamu nzuri za masika. Wa kwanza nani?"

Nyani akapita akikung'uta maji. "Zamu ya nini?"

"Ya kulala, ndugu yangu. Si ulikuwa unaitafuta?"

Nyani akasimama, akafikiri, akakitazama kikuku chake. "Nilikuwa naitafuta, ndiyo. Lakini nimeteleza, nimetosheka. Kwangu kuna moto, na mke wangu amepika. Nikitaka, kesho si nitaingia tena? Sidaiwi kikapu."

Akaenda zake. Punda Milia akapita naye. Ngiri aliteleza mara moja tu, akaaga, kama alivyofanya kisimani kwake. Jua lilipotua, bonde lilikuwa kimya, na Fisi yuko mlangoni na mikeka yake. Ikawa hivyo siku zote za mvua. Walikuja wengi kuliko zamani, na wote wakarudi kulala kwao.

Paa likaloa. Likaoza. Likatoboka.

Masika yakaisha, Simba akafika kwa zamu yake ya mavuno. Alilala chali apumzike, na tone la umande likamdondokea puani.

"Nani aliyekuwa na zamu ya masika?" alinguruma.

Akaenda ukutani. "Unyayo huu wa nani?"

"Wangu, mkuu," alisema Fisi.

"Na huu?"

"Wangu."

"Na huu mdogo, uliokanyagwa na mguu mkubwa?"

Fisi akauficha mguu wake nyuma. Kila mtu aliujua mguu ule.

"Nyasi," alisema Simba. Akarudi kulala.

Fisi akawaomba wanyama wamkanyagie. Nyani alimwambia hata akiongeza asali juu hataki. Punda Milia alikuwa hasikii tena. Ikabidi Fisi achukue mundu.

Alikuwa amejitwika tita la nyasi kubwa kuliko yeye, akipanda kilima, aliposikia vicheko mwambani. Pimbi alikuwa ameketi kileleni, mtoto mdogo kifuani, Njugu nyuma amemshika kiuno, vikuku vyekundu miguuni.

"Shemeji," aliita Fisi. "Ulijua."

Pimbi akamtazama kwa haya zake zile zile.

"Mimi ningejua nini, shemeji? Wewe ndiye uliyetufundisha. Unyayo wako ukiwa ukutani, nyasi ni juu yako, uje usije."

Kisha akajiachia. Sururuuu.

Chubwi.

Basi shikeni hili, wanangu, hata mkisahau mengine: mwenye pupa hununua kwa macho ya leo, na mwerevu huuza kwa macho ya kesho.