Jina Moja Darajani

Hadithi nawapa, lakini msiipigie makofi. Si tamu, na anayetaka kucheka akae karibu na mlango.

Palikuwa na nchi mbili, Lumera na Kisandu, na kati yao mto wenye daraja la chuma. Zilipigana miaka na miaka. Redio ya Lumera ilisema Mungu yuko na Lumera, redio ya Kisandu ikasema yuko na Kisandu. Walimshonea Mungu sare mbili bila hata kumpima.

Lumera walikuwako watu watatu. Shehe Mwinchande alijaliwa kuaminiwa, maana alisomesha Kurani ng'ambo zote mbili. Mchungaji Tumsifu, mama wa watu, alijaliwa ulimi usioogopa cheo. Bibi Nyamizi, mtunza tambiko la mto, alijaliwa kiapo ambacho hakuna aliyethubutu kukivunja. Na kila mmoja alikuwa na wake gerezani Kisandu, aliyetekwa vitani: Shehe mwanawe Zuberi, Mchungaji binti yake Eliwaza, Bibi mjukuu wake Kulwa.

"Twendeni tukapatanishe," alisema Shehe. "Ila watoto wetu tusiwataje. Mpatanishi mwenye haja yake ni mchuuzi tu."

Wenzake wakaitikia amina. Hilo likumbukeni.

Ramadhani ilipoingia, Shehe alitandika mkeka katikati ya daraja, akaweka tende na uji. Jua lilipotua, askari waliofunga walikuja kutoka pande zote mbili, bunduki wameziacha nyuma. Nani atampiga risasi mtu anayefuturu? Mwishowe wakaja na makamanda, wakala sinia moja.

Lakini kamanda hana amri ya kumaliza vita. Rais wa Lumera, muumini wa kiti cha mbele, alimwita Mchungaji abariki jeshi siku ya taifa. Mama yule alishika kipaza sauti mbele ya umati.

"Mheshimiwa, bunduki siziombei. Umtume waziri wako wa mambo ya nje darajani, nami nitakuombea wewe."

Maaskofu wake, waoga wale, walimvua uchungaji. Lakini umati ulikuwa umesikia, na waziri akatumwa. Kisandu nao wakaona haya, wakamtuma wao.

Mawaziri wakaandika mkataba, kisha hakuna aliyetaka kutangulia kutia sahihi, maana mikataba iliyopita ilichanwa kabla wino haujakauka. Bibi Nyamizi akachota maji ya mto, akatia udongo wa ng'ambo hii na ile, akawanywesha kibuyu kimoja, na tai zao shingoni.

"Atakayeligeuka neno lake, mto umchukue," alisema. Askari waliposikia kiapo kimenywewa, wakaanza kufungasha.

"Nanyi wazee wetu, mna haja gani?" waziri wa Kisandu aliwauliza, kalamu mkononi.

"Amani tu," wakajibu wote watatu.

Basi mkataba ukataja samaki, sukari na ushuru wa daraja. Mateka hawakutajwa. Mawaziri wakavishwa nishani, na wale watatu wakapewa mkono.

Walipokwenda Kisandu kuomba watoto wao, waziri alitabasamu.

"Jamani, mngesema mapema! Mkataba umeshafungwa. Lakini kwa heshima ya dini, tutamwachia mmoja. Chagueni wenyewe. Watu wa Mungu hamshindwi kuelewana."

Neno hilo linanichoma hadi leo.

Wakaketi darajani, juu ya mkeka uleule, hawatazamani.

"Bila mkeka huu wasingeketi," alisema Shehe.

"Bila mimi wangeketi na nani, Shehe? Kanisa langu liko wapi leo?" alisema Mchungaji.

"Mliwaketisha, mkawaleta," alisema Bibi Nyamizi. "Na bila kibuyu changu wangerudi kuuana. Kulwa ndiye pekee niliyebakiwa naye."

Watu waliopatanisha nchi mbili wakashindwa kupatana wao kwa wao. Mlinzi wa gereza akaja na ufunguo. "Nipeni jina moja. Msiponipa, nafunga."

Haya, mnaonisikiliza, mlinzi amesimama na anangoja. Zuberi, Eliwaza, au Kulwa? Wewe ungemtajia nani? Na usiniambie "wote". Neno hilo lilikuwa na siku yake, na siku hiyo walipoulizwa walisema hawana haja.