Aliyeisalimia Dunia Miezi Minane

Washarika wenzangu, kabla sijafika kwenye lile nililotumwa kuwaambia leo, niruhusuni niwasimulie habari ya bwana mmoja na kompyuta. Wazee msishtuke. Mimi mwenyewe ile kompyuta ya ofisi ya usharika ikinigomea huwa nachomoa waya, naomba kimoyomoyo, kisha nachomeka tena. Mzee Ambakisye anacheka kwa sababu aliwahi kunikuta. Kwa hiyo mtakachosikia kinatoka kwa mtu asiye mtaalamu, na mtanielewa wote.

Alikuwepo fundi mmoja wa majokofu, mtu mzima, miaka hamsini na ushee. Mkewe alikuwa na presha ya macho. Mnaijua presha ya macho? Ni ugonjwa wa kimyakimya. Mara nyingi hauumi, wala hauna kelele. Unamla mtu uwezo wa kuona kidogo kidogo, kuanzia pembeni, na ulichokwisha kula haukirudishi. Dawa yake ni matone, na matone yana masharti yake: saa ikifika, yawe jichoni.

Majina yao siwapi. Lakini wenyewe kwa wenyewe waliitana kwa mtoto wao wa kwanza, Baba Tusa na Mama Tusa, nasi tutawaita hivyo hivyo.

Mama Tusa alikuwa na vichupa vitatu, vyote vya ukubwa mmoja. Kimoja cha asubuhi na jioni, kimoja mara tatu kwa siku, na kimoja cha kulalia tu. Rangi za vifuniko alikuwa hazioni vizuri tena, kwa hiyo mumewe akavifunga mipira midogo ili avitambue kwa vidole: hiki mpira mmoja, hiki miwili, hiki hakina. Najua mnachowaza. Si angemwekea kengele ya simu? Aliweka! Kengele inajua kulia tu, haijui kusema ni kichupa kipi wala ni jicho lipi. Mama wa watu alishachanganya mara mbili, na bwana yuko kazini kutwa, kichwa kimezama ndani ya jokofu la mtu.

Basi mpwa wake akaja kuwatembelea, akamwachia kompyuta yake ya zamani. Akamwambia, "Mjomba, hili mbona dogo? Jifunze kuandika programu. Unarekodi sauti yako mwenyewe. Saa ya dawa ikifika, kompyuta inamsemesha mama, inamwambia shika kichupa hiki, weka jicho hili."

"Nami naanzia wapi, mtu mzima kama mimi?"

Yule kijana akamtajia lugha moja ya kuanzia. Maana kompyuta nazo zina lugha zake, na ni nyingi, na kila moja ina wapenzi wake. Jina la lugha hiyo nitawatajia mwishoni. Vijana mlioko kule nyuma, nikisahau nikumbusheni.

Jioni ile ile Baba Tusa akachukua karatasi, akaandika ratiba yote ya dawa: saa, kichupa, jicho la kushoto, jicho la kulia. Akaibandika ukutani mbele ya meza yake. Akaanza somo la kwanza.

Sasa, hawa watu wa kompyuta wana desturi yao. Ukianza kujifunza lugha yoyote, kazi yako ya kwanza ni kuifanya kompyuta iandike maneno mawili: Habari, dunia. Ndiyo hodi yao. Fundi akahangaika saa nzima, maana ukikosea alama moja tu mashine inanuna. Mwisho ikaandika. Akapiga makofi peke yake.

Mkewe akauliza kutoka kwenye kochi, "Imeshaanza kusema?"

"Kusema bado. Imeandika."

"Imeandika nini?"

"Habari, dunia."

Mama Tusa akacheka sana. "Haya, dunia imesikia."

Akaenda vizuri mpaka somo la nne. Hapo akajiunga na kundi moja la kwenye simu, wanafunzi wa programu, watu mia tatu. Akauliza swali la adabu kabisa: jamani, lugha hii niliyoanza nayo ni nzuri kwa mtu anayeanza?

Ndugu zangu! Afadhali angeingia kwenye kikao cha harusi akauliza kama wageni wale pilau au wali wa nazi. Mmoja akasema, "Mzee wangu, unapoteza muda, shika Java, ndiyo yenye ajira." Mwingine akasema, "Java bila kuanza na C ni nyumba isiyo na msingi." Wa tatu akawaambia wote wawili waache kumtisha mzee wa watu, ashike JavaScript, ipo kila mahali. Na kila mmoja ana sababu zake, na sababu ni nzuri. Ndiyo ubaya wake. Zingekuwa za kipuuzi, angezipuuza.

Akaacha ile ya mpwa wake, akaanza Java. Na somo la kwanza la Java ni lipi? Nisaidieni. Naam, Habari, dunia! Wiki ya tatu akaona kweli, msingi ni muhimu, akahamia C. Somo la kwanza? Kule kwa akina mama sijawasikia. Haya, asanteni.

Jioni Mama Tusa anauliza, "Leo imesema nini?"

"Habari, dunia."

"Si ilishaisalimia?"

"Hii ni lugha nyingine, mama."

Na huku anabadilisha, akawa anasoma mambo ya kulinganisha. Ipi ina kasi, ipi ina masharti machache, ipi itadumu miaka kumi. Akayajua mambo hayo kwelikweli. Watu wa kundi wakaanza kumwuliza yeye. Wakampa jina, wakamwita Mwalimu. Mtu ambaye hajawahi kuandika programu hata moja iliyofanya kazi hata moja! Msicheke sana. Humu ndani tupo wangapi tunaoweza kumweleza mtu jinsi ya kuomba, na goti letu halijagusa sakafu tangu Pasaka?

Mwezi wa tano tangu aanze kujifunza, mkewe akamwambia, bila hasira, "Baba Tusa, dunia umeisalimia vya kutosha. Mimi nipo humu ndani, na mpaka leo hiyo kompyuta yako haijanisalimia."

Naye akamjibu, "Vumilia kidogo. Sitaki nikutengenezee kwa lugha mbovu. Nataka nikupe kilicho bora."

Na alisema kweli. Hakuwa mvivu yule bwana, hakuwa mlevi, alimpenda mkewe. Hilo ndilo linaloninyima raha katika habari hii. Angekuwa mtu mbaya, ningewahubiria haraka tukaenda zetu.

Sasa sikilizeni. Siku za kazi, jirani mmoja alikuwa akipita mchana kumsaidia mama kuweka matone. Lakini Jumamosi bwana alikuwa nyumbani, kwa hiyo jirani hakuja, na matone yalikuwa juu yake. Ya jioni na ya kulalia pia, kila siku, yalikuwa juu yake. Jumamosi moja mtu kwenye kundi akauliza, "Mwalimu, mimi ndiyo naanza, nianze na lugha gani?" Baba Tusa akakaa mezani kujibu. Akajibu, akapingwa, akajibu tena. Mchana ukapita. Jioni ikapita. Mkewe yuko hatua tano nyuma yake, ananyamaza, hataki kumsumbua mume wake anayehangaika kwa ajili yake. Na karatasi ya ratiba ipo ukutani, mbele ya macho yake mazima mawili.

Ingekuwa Jumamosi moja, yangekwisha. Haikuwa moja.

Mwezi wa nane wakaenda kliniki. Daktari akapima, akapima tena, akavuta kiti. Akasema, "Jicho la kulia bado tunalo. La kushoto halioni tena, na halitarudi. Niambieni, dawa mnaweka kwa wakati?"

Mke ndiye aliyejibu. Akasema, "Tunaweka, daktari. Mara nyingine tunachelewa kidogo."

Mmesikia alivyosema? Tunachelewa. Sisi wawili. Jicho ni lake peke yake, lakini kosa akaligawa. Mimi nikifika hapo huwa nasimama kwanza.

Wakarudi nyumbani. Bwana hakula. Alimwekea mkewe matone ya saa hiyo kwa mkono wake, akakaa mezani, akajitoa kwenye lile kundi bila kuaga. Akafungua ile lugha ya kwanza kabisa aliyotajiwa na mpwa wake. Somo la nne lilikuwa bado linamsubiri pale pale alipoliacha. Safari hii hakumwuliza mtu kama lugha ni nzuri. Aliuliza tu, pale alipokwama, jinsi ya kukwamuka. Usiku alinakili ratiba yake kutoka ile karatasi ya ukutani, mstari kwa mstari, na asubuhi kabla ya kazi alirekodi sauti yake. Programu yenyewe ilikuwa mbaya mbaya tu, imeungwaungwa, mtaalamu angeiona angeziba uso. Lakini siku ya kumi na moja ikawa tayari.

Siku kumi na moja, washarika. Baada ya miezi minane.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili akamketisha mkewe karibu na meza, vichupa vyake mbele yake. Wakasubiri. Saa mbili kamili ile kompyuta ikasema, kwa sauti ya mume: "Mama Tusa, habari za asubuhi. Shika kichupa chenye mpira mmoja. Tone moja jicho la kulia. Tone moja jicho la kushoto."

Mama akapapasa, akakipata kichupa chenye mpira mmoja. Akatabasamu. Akasema, "Leo imenisalimia mimi."

Akaweka tone moja jicho la kulia. Kisha akakifunga kile kichupa taratibu, akamshika mumewe mkono, akamwambia, "Sasa, Baba Tusa, ule mstari wa jicho la kushoto uutoe."

Sasa naona vijana kule nyuma mnanong'onezana. Mnataka niwatajie ile lugha, maana niliahidi. Niliahidi, ndiyo, na ninavunja ahadi hiyo mbele ya madhabahu, Mungu anisamehe. Siwatajii. Nikiitaja tu, mtatoka hapo nje mkibishana kama ilikuwa chaguo zuri, nami nitakuwa nimewafungulia kundi jingine.

Sisemi kuuliza ni kosa. Kuuliza si ujinga, wote tunajua. Lakini kuna anayeuliza njia kwa sababu anataka kufika, na kuna anayeuliza kwa sababu amepapenda pale njia panda. Pana watu, pana mazungumzo, na miguu haichoki. Sisi tumekuwa wa pili. Tunauliza tuingie kwaya ipi, jumuiya ipi ina watu wazuri, tuanze kufunga mwezi gani, msamaha unaombwa kwa barua au ana kwa ana. Kila wiki tunaanza upya, na kila tukianza upya tunapiga hodi ile ile, tunarudi. Dunia nzima imeshasikia salamu zetu. Aliyeko kwenye kochi, hatua tano nyuma yetu, ananyamaza asitusumbue.

Na mimi nimo. Tangu Kwaresima nachagua siku iliyo nzuri ya kwenda kumwona Bibi Sekela, ambaye hawezi tena kufika hapa, na nyumba yake mnaiona mkisimama mlangoni pale. Nilitaka niende nikiwa na nafasi ya kutosha, nikae naye vizuri. Nilitaka nimpelekee kilicho bora. Mmeisikia sauti hiyo leo, na mmejua inaishia wapi. Ibada ikiisha nakwenda hivi hivi, na joho langu mkononi.

Kwa hiyo matangazo leo nimeyafuta. Kila mmoja wetu anayo karatasi yake ukutani, aliiandika mwenyewe, siku ambayo moyo wake ulikuwa bado wa moto. Mwingine akifika nyumbani atakuta mstari mmoja umeshapitwa. Aulilie, ni halali yake kuulilia. Lakini asikae hapo kuchagua namna ya kulia.

Jicho la kulia bado linaona, ndugu zangu. Nendeni, saa ya dawa imefika.