Pikipiki Kinda ya Singano

"Anayeuliza mwendo, aulize na kusimama."

Mmeyasikia maneno hayo sasa hivi kwa baba yenu mkubwa, na mmecheka. Kiondo amemwonyesha picha ya pikipiki kwenye simu, akaisifia inavyokimbia, naye mzee akajibu hayo tu, akachukua panga lake akatoka. Mnaniuliza ameyaokota wapi. Hakuyaokota. Methali hii imezaliwa katika nyumba hii, na mimi mkewe nilikuwapo ilipozaliwa. Basi acheni kucheka, menyeni hivyo viazi, niwaeleze ilivyokuwa.

Barabara yetu mnaijua. Imechongwa ubavuni mwa mlima. Huku ukuta wa udongo na mawe, huku bonde. Siku hizo gari lilikuwa jambo la kusimulia. Chombo chetu kilikuwa baiskeli ya mti, ile isiyo na pedali wala mnyororo, magurudumu yake ya mbao yamevishwa vipande vya tairi. Vijana waliipakia kabichi na karoti wakateremka nayo mpaka sokoni, kisha wakarudi wakiisukuma. Breki yake ilikuwa kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma, unakikanyaga kwa kisigino. Kikishindwa kushika, dereva aliigeuza baiskeli akaitupa kwenye ukuta wa mlima, kwenye magugu. Akitoka hapo amechubuka kidogo, watu wanamcheka, basi.

Kwa sababu hiyo tulikuwa na desturi ya njia, na mtoto alifundishwa kabla hajajua kuchota maji. Ukisikia baiskeli ya mti inakuja, kimbilia upande wa bonde, maana dereva akishindwa atajitupa mlimani. Ukisikia injini, fanya kinyume chake: jibane mlimani, maana gari likikukuta ukingoni litakusukuma bondeni. Hatukukosea hata siku moja. Masikio yalisikia, miguu ikaenda yenyewe.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanjaa, alikuwa mfinyanzi. Wafinyanzi walikuwa wengi, lakini chungu chake watu walikijua hata gizani, kwa kukipapasa mdomo tu. Alikuwa na mikono mikubwa kuliko ya mume wake, na akifinyanga hakuitazama. Alitazama nje, akazungumza na wewe, na chungu kikapanda chenyewe. Udongo wake aliuchimba mwenyewe kule chini mtoni akaupandisha kichwani. Shingo ilikuwa imeanza kumuuma. Usiku alikuwa akijikanda kwa mafuta ya moto, akidhani hatumsikii anavyoguna.

Singano alimsikia. Ndiyo, huyo huyo baba yenu mkubwa. Alikuwa kijana hodari wa baiskeli ya mti, hakuna aliyemshinda kuteremka, nami nilikuwa mke wake mpya ambaye hata jikoni nilikuwa bado nauliza chumvi inakaa wapi. Akaniambia, "Mama hatapanda tena na udongo kichwani. Nitanunua kitu cha kupanda mlima."

Akaenda Tanga na akiba ya mavuno, akarudi na kioja. Ilikuwa pikipiki, lakini ndogo, inamfika mtu magotini. Ukiikalia, magoti yanakuja kifuani. Iliwashwa kwa kuvuta kamba kama jenereta, nayo ikalia kuliko umbo lake. Watu wakaiita pikipiki kinda. Alikuwa ameipata kwa bei ya kutupa kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vilivyotumika, na mtu huyo alimwambia kwamba waya wa breki ya nyuma umekatika na ule wa mbele umelegea, ni vitu vya kukaza tu akifika nyumbani. Singano akamjibu, "Breki ya nini? Miguu ninayo."

Alirudi akilisimulia jibu hilo kwa kujivuna, na sisi tulicheka kama mlivyocheka ninyi.

Kijiji kizima kilikuja kuiona. Alijifunza kuiendesha kwenye uwanja wa mpira, na mwanzoni aliitia gesi nyingi ikamponyoka, ikaenda peke yake huku yeye amekaa chini. Akaanguka, akainuka, mpaka akaweza kuuzunguka uwanja bila kuyumba. Pale uwanjani ni tambarare. Akitaka kusimama aliachia gesi, akaburuza miguu, kinda likatulia. Basi akaona amejua.

Akataka kubeba vyungu vya mama yake siku ya gulio. Bi Mwanjaa akakataa. "Vyungu vyangu havijifunzi pamoja nawe," akamwambia. "Jifunze kwanza."

Neno hilo lilimchoma, nadhani. Alitaka sana mama yake akubali.

Siku moja asubuhi mimi na mama mkwe tuliteremka mtoni kuchimba udongo. Wakati wa kurudi yeye alitangulia na kapu lake kichwani, mimi nyuma na langu dogo. Tulikuwa tumefika pale kwenye kona yenye jiwe jeupe lililochomoza ukutani. Singano nyumbani akaona tumechelewa, akasema atuteremkie, ampokee mama yake kapu pale njiani, alipandishe kwa pikipiki, na mama apande mikono mitupu. Hilo ndilo lililompeleka. Sitaki mtu aseme alikuwa akicheza.

Tukasikia injini juu yetu. Masikio yalisikia, miguu ikaenda. Tukajibana mlimani, mimi nyuma kidogo, yeye mbele, mgongo wake kwenye lile jiwe. Akasema, "Gari leo limetoka wapi?" Kisha akatambua sauti akatabasamu. "Ni mwanangu yule."

Singano alitokeza kwenye kona, na nilipouona uso wake nikajua hawezi kusimama. Aliachia gesi kama uwanjani, lakini mlima hauachii. Akashusha mguu, kandambili ikachomoka ikabaki nyuma. Akakanyaga tairi kwa kisigino kitupu, kama anavyokanyaga kwenye baiskeli ya mti, mguu ukateleza kwa damu. Akapiga kelele, "Bondeni! Bondeni!", maana ndivyo wanavyopiga wa baiskeli. Mlio wa injini ukaimeza sauti yake. Hata tungemsikia, sijui. Tulikuwa watu wa injini wakati ule, na yeye alikuwa mtu wa baiskeli.

Kisha akafanya alichokifanya tangu utotoni kila breki iliposhindwa. Aliitupa mlimani.

Bi Mwanjaa aliunyoosha mkono wa kulia mbele yake. Sijui alitaka kujikinga au alitaka kumdaka mtoto. Kinda likaukandamiza mkono huo kwenye jiwe jeupe.

Udongo ulimwagika barabarani wote. Nakumbuka nilipiga magoti nikaanza kuukusanya, mjinga mimi, mpaka Singano alipoanza kulia ndipo nikaamka.

Walimbeba kwa machela mpaka hospitali. Uhai ulibaki, mkono pia ulibaki, lakini kiganja kiliganda kama kucha za kuku. Vidole havikukunjuka tena wala kufumba. Siku alipofunguliwa bandeji alivitazama muda mrefu, akajaribu kushika kikombe cha maji, kikaanguka. Akasema, "Haya." Ndilo neno pekee alilolisema siku ile.

Aliporudi nyumbani ukoo ukakutana hapa hapa. Singano alikaa chini kwenye kona, hali chakula. Shemeji yake Bi Mwanjaa, Mzee Mbelwa, alikuwa mkali. Alitaka pikipiki ichomwe moto, aliyeiuza atafutwe, na Singano alipe faini ya ukoo kwa kumwaga damu ya mzazi.

Bi Mwanjaa akamwacha amalize. Kisha akamwita, "Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Kitu kile kilipoletwa, nawe ulikuja kukiona?"

"Nilikuja. Nani hakuja?"

"Ulimuuliza nini Singano?"

Mzee Mbelwa akasita. "Nilimuuliza inakwenda mwendo gani."

Akamgeukia jirani. "Na wewe?"

"Nilimuuliza kama inapanda mlima."

Akanigeukia mimi. Nilitamani ardhi inifiche. "Na wewe mkwe wangu?"

"Nilimuuliza kama itatuchukua wawili, mama."

"Na mimi," akasema, "nilimuuliza kama itaweza kapu la udongo. Singano, baba, wewe ulimuuliza nini aliyekuuzia?"

Singano alijibu bila kuinua uso. "Mwendo, mama. Na kupanda."

"Yeye alikuambia habari ya breki?"

"Aliniambia."

"Ukamjibuje?"

Hakuweza kulirudia lile jibu. Alilia, na mama yake akamngoja. Watu wote waliokuwa wamelicheka jibu lile walitazama sakafu.

"Msichome kitu," Bi Mwanjaa akasema. "Msimtafute mtu. Na huyu hana faini kwangu. Aliniteremkia ili anitue mzigo. Sote humu tuliuliza mwendo. Aliyeuliza kusimama hakuwapo. Basi tangu leo, anayeuliza mwendo, aulize na kusimama. Nimemaliza."



Ndipo methali ilipoanzia. Ilitoka hapa ikaenda sokoni, na siku hizi wanaisema hata watu wasiojua kulikuwa na Bi Mwanjaa duniani. Wanamwambia kijana anayekimbilia kuoa, wanamwambia anayeingia ugomvi asioujua mwisho wake. Ni sawa, inawafaa. Lakini ninyi ni wa nyumba hii, na kwenu kuna mkono ndani yake.

Bi Mwanjaa hakuwa na binti. Na mnajua kwetu ufinyanzi ni wa wanawake, mwanamume anaweza kuubeba udongo, lakini pale unapofinyangwa hasogei. Basi akanikalisha mimi. Yeye alisema, mimi nikafinyanga. "Legeza. Hapo umekaza. Mdomo usiukimbize." Vyungu vyangu vya kwanza vilipasuka vyote motoni, naye hakunikemea, ila mara nyingine alisahau, akaupeleka mkono ule kunisahihisha, ukagusa udongo ukashindwa kuufinya. Hapo aliurudisha mapajani, mimi nami nikainamia kazi ili asiyaone machozi yangu. Vyungu mnavyopikia ni vyangu. Vya kwake hamkuwahi kuviona, na hilo linaniuma mpaka leo.

Singano udongo aliubeba yeye. Aliupandisha mgongoni, kwa miguu, mpaka pale kwenye mti wa mpaka ambapo mwanamume husimama asifike panapofinyangwa, akautua hapo nami nikaupokea. Hakuacha hata siku moja mpaka mama yake alipokufa. Nilimwosha mimi. Mwili wote ulilainika, isipokuwa vidole vile. Nilivishika ili nivinyooshe, vikakataa, nikamfunika hivyo hivyo.

Pikipiki iko nyuma ya nyumba, kile chuma kikuukuu kuku wanapotagia. Watu waliitaka, wakamfuata mara nyingi. Amekataa kuiuza. Anasema kila anayekuja anauliza kama bado inakimbia.

Kiondo, mwanangu, huyo anarudi, nasikia mlango wa boma. Hakukukatalia pikipiki yako. Isipokuwa usimwonyeshe tena hiyo picha. Weka simu mfukoni, mpokee panga, mwambie aende nawe siku utakayokwenda kuinunua, na ukifika kwa muuzaji swali lako la kwanza alisikie yeye kwa masikio yake.

Anayeuliza mwendo, aulize na kusimama.