Mshenga wa Vita

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa nini? Pakawa Ndovu, mfalme mwenye nguvu kuliko wote, na Kunguru, mshauri wake. Wewe wa nyuma, acha kusinzia!

Hapo zamani za kale, Kunguru alimwambia Ndovu, "Bwana mkubwa, nguvu zisizotumika huoza. Twende kwa ngiri, tukawafundishe kuishi kama ndovu."

Wakaenda na jeshi la ndovu vijana. Mashimo ya ngiri yakabomoka yote, na ndovu vijana kadhaa wakafa vitani. Kunguru akasema, "Wamefurahi mno!"

Wakaenda kwa kima. Miti yao ikang'oka, na vijana wengine wakafa. Kunguru akasema, "Sasa wamestaarabika!" Huku anajilia mizoga, hana haya yule.

Mara ya tatu wakafika kwenye jabali la pimbi. Bi Kidawa, pimbi mdogo tu, alikuwa na vichanga ndani ya ufa wa mwamba. Akikimbia, nani atawabeba wanawe? Akatoka, akasimama mbele ya jeshi.

"Shikamoo, Bwana Ndovu. Kwema?"

"Marahaba. Tumekuja kuwakomboa."

"Kutoka kwa nani, bwana?"

Ndovu akamtazama Kunguru. Kunguru akapaza sauti toka tawini, "Kutoka kwenye ujinga wao! Kanyaga, bwana!"

Bi Kidawa akasogea hatua moja mbele. "Kwetu vita ni kama ndoa, vina mshenga. Aliyevileta ndiye hutangulia kuingia. Mshenga wenu nani?"

"Kunguru," akasema Ndovu. "Hiyo ni haki. Kunguru, tangulia."

"Bawa linaniuma, bwana."

"Tangulia."

"Mimi ni wa mawazo. Kupigana ni kazi yenu."

"Tangulia!"

Kunguru akazidi kung'ang'ania tawi. Ndovu akawakumbuka vijana wake waliofia kwa ngiri na kwa kima. Kunguru hakupata hata mkwaruzo! Hasira zikampanda, akautikisa ule mti. Kunguru huyooo, karuka na mabawa yote mawili mazima!

Jeshi zima likaangua kicheko, likageuza njia. Ndovu akaenda kwa ngiri na kwa kima, akapiga magoti kuomba radhi. Na Bi Kidawa? Alipiga vigelegele, na pimbi wote wakaitikia, jabali likarindima.

Basi, wanangu, anayekuhimiza vitani huku yeye kakaa tawini, mwambie kwanza ashuke.

Hadithi yangu imefika mwisho wake. Nzuri ichukueni, mbaya niachieni mwenyewe.