Mfungo Usio na Jioni

Wapendwa, mama mmoja mjane alikuwa kiongozi wa maombi kanisani kwao, na alikuwa na binti mmoja tu, wa kidato cha tatu. Binti akaanza kukataa chakula. Akiulizwa, anasema amefunga. Mama wa watu akafurahi kweli, maana watoto wa wenzake hata kuombea chakula wanasukumwa, na huyu wake anafunga kwa hiari, kajifungia chumbani na simu yake. Biblia siku hizi si imo humo humo? Jumapili akasimama akatoa ushuhuda. Kanisa zima likapiga makofi na vigelegele. Binti akainamisha kichwa, sweta linampwaya, watu wakasema huo ndio unyenyekevu.

Mnacheka? Haya, ngojeni.

Mama akaona aibu kupitwa na mtoto wake mwenyewe, naye akafunga. Jioni akapika uji wa ulezi, akamwita mwanawe waje wafungue pamoja. Binti akaketi, akautazama ule uji, machozi yakaanza kumtoka.

"Mama, mimi na wenzangu hatufungui."

"Wenzako gani hao, mwanangu?"

Akamsogezea simu. Mama alitegemea kuona zaburi. Akakuta tovuti ya wasichana waliobaki mifupa, wanashindana kukaa na njaa, na wamemwandikia binti yake: hongera, kaza moyo, usimsikilize mama yako. Alipomkumbatia mtoto, ndipo mikono yake ilipogusa mbavu.

Usiku ule ule binti akalazwa, moyo wake umechoka. Hali ilipotulia, mama akamuuliza taratibu kwa nini hakusema mapema.

"Nilitaka kusema Jumapili ile," binti akajibu. "Mkanipigia makofi."

Ndugu zangu, wale wa kwenye simu walimsifu kwa kutokula. Na sisi je? Tulimsifu kwa lipi? Tunawanunulia watoto simu, tunawafungia mlango wa chumba, halafu tunajisifu kwamba wametulia. Nani kati yetu anajua mwanawe anaongea na nani humo ndani?

Leo mkifika nyumbani, msianze kwa kunyang'anya simu. Pakueni chakula, kaeni na mtoto, muulizeni anaendeleaje. Akilia, msikimbilie kumwombea. Msikilizeni kwanza mpaka amalize.